Jiko la Mama Kalista Kwenye Karatasi

Kila asubuhi Tecla aliamka amechoka. Tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe upande wa Keza, miti ilikuwa imekatwa hadi vilimani, na safari ya kuni ilikula nusu ya siku. Akishatua mzigo na kula ndizi zake, ndipo aliposhika penseli.

Alikuwa amemaliza kidato cha sita na hesabu alizimudu vizuri. Kuchora, hapana. Shule yake haikuwa hata na mwalimu wa somo hilo. Lakini chuo cha usanifu majengo kilitaka michoro minne, kazi ya mkono wa mwombaji mwenyewe, na gari la parokia lingechukua barua Ijumaa. Akikosa, angesubiri mwaka mzima.

Basi akatafuta njia ya mkato. Alipaka karatasi mafuta ya kupikia mpaka ikapitisha mwanga, akailaza juu ya picha ya kalenda, akafuatisha kanisa la Ulaya mstari kwa mstari. Kufikia Jumatano alikuwa na makanisa matatu, yote mazuri ajabu.

Siku hiyo alifika fundi Niyonzima, mkimbizi kutoka Burundi, aliyepata kibarua cha kujenga upya jiko la mama yake Tecla, Mama Kalista.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, injinia!" Niyonzima akainamia karatasi. "Lo! Mvua ikinyesha, maji ya hapa kati ya minara yanakwenda wapi?"

"Sijui."

"Wenye nyumba nao hawajui? Maskini, watalowa."

Mama Kalista alicheka akishika mbavu. Tecla hakucheka.

"Nimechoka, mama. Niacheni nimalize. Nani atajua?"

"Chuo kikikuita kikuulize hayohayo, utaiambia kalenda ijibu?"

Niyonzima akamrushia Tecla ncha ya kamba ya mgomba yenye mafundo, fundo hadi fundo urefu wa mkono mmoja.

"Shika huko. Nguzo ni za kutafuta kwa tochi siku hizi, sina za kujaribia. Nichoree jiko kwanza, nijue nikate ngapi."

Wakapima. Tecla akachora, mistari ikitetemeka. Mama akaangalia, akaruka. "Umeniwekea mafiga mlangoni! Nawapikia wapita njia?"

Akafuta, akachora tena. Mara ya tatu fundi akatikisa kichwa kukubali. Alhamisi, macho yakimwasha, akapima ghala na banda la kuku, kisha akaenda kambini kupima hema la Niyonzima, mita nne kwa tano, watu saba, akachora na kila mmoja anapolala. Yale makanisa yenye mafuta nayo yalifaa: yaliwasha moto vizuri sana.

Miezi miwili baadaye chuo kilimwita. Wazee watatu waliomhoji walisimama mbele ya mchoro wa hema.

"Kwa nini mtu huyu amelala peke yake mlangoni?"

"Ni baba," alijibu Tecla. "Usiku upepo ukija, yeye ndiye hushikilia turubai."

Akapewa nafasi.

Alipowasimulia nyumbani, Mama Kalista alisukuma kuni kati ya mafiga ya jiko jipya.

"Kazi yako ikiwa mbaya, mwanangu, unaifuta na kuitengeneza," alisema. "Ya kuiba hata kuielezea huwezi."