Kitambaa Cheupe cha Hinrich

Katikati ya joto la Julai, siagi mezani kwa Oskar Wendland iliganda ikawa ngumu kama jiwe. Mkewe, Hertha, alicheka. "Hata kisu kimegoma kazi, kama wewe," alimwambia.

Kesho yake jiko lote lilinuka sufu mbichi na buti. Jumapili, wakiwa kwenye kahawa na keki, wakasikia meno yakigongana nyuma ya kabati la vyombo. Hertha alilivuta. Kitabu kilianguka: kile cha wakati wa vita, kimechakaa, kilichomsifu kamanda na askari wake wa Kijerumani waliozingirwa na adui katika mji wenye theluji. Kurasa zake zilikuwa na barafu.

"Uliniambia ulikichoma," Hertha alinong'ona.

"Nilitaka."

"Nani anatetemeka humo?"

Oskar akamsimulia yote. Kitabu kilisema kwamba katika mji ule hakuna aliyeinua kitambaa cheupe cha kusalimu amri. Hinrich, kijana wa jirani, aliinua. Kamanda aliamuru auawe, na Oskar alikuwa miongoni mwa waliofyatua risasi. Aliporudi kutoka kifungoni, alimwambia Bi Dorte kwamba mwanawe alipotelea thelujini.

"Kwa hiyo Bi Dorte hajawaambia nyuki wake," alisema Hertha. Kwao, mtu akifa, hodi hupigwa mizingani na nyuki hupewa habari. Mfu asiyetangazwa hana ruhusa ya kuondoka duniani. "Nenda leo, Oskar. Usipokwenda, mimi silali tena nyumba hii."

Bi Dorte alikuwa bustanini.

"Mama, Hinrich amekufa. Nilimwona."

Bibi kizee hakulia. "Na miaka yote hii unakunywa kahawa yangu, kimya! Haya. Uliyemwona ndiye utakayewaambia."

Oskar aligonga mzinga. Aibu ikamshinda. "Hinrich amekufa kishujaa," alisema, "kwa risasi ya adui," na mvumo wa nyuki ukakatika ghafla, baridi ikapanda kutoka ardhini hadi magotini, harufu ya sufu mbichi ikaja nyuma yake, pumzi ikamgusa shingoni kama ya mtu aliyesimama karibu mno, asiye na haraka, na nyuki wakatoka mmoja mmoja, wakatambaa hadi ukingoni mwa mzinga, wakaanguka miguuni pake wakiwa wafu, mabawa yamegandana.

"Wamekataa," alisema Bi Dorte polepole.

Akamshika mkono, akaurudisha juu ya mzinga, akaukandamiza pale.

"Sema tena, mwanangu. Nani alimpiga?"