Karatasi ya Buluu

"Kipanga! Wakifika kwenye majina, tumekwisha!"

Kipanga alimsikia mkuu wake kwenye redio, akazidi kukaza mwendo. Alikuwa akipanda ngazi tatu tatu, bastola ya Beretta kiunoni, jasho mpaka kwenye soksi.

Juu, ukumbini, walikaa sheikh, padri, sista na mtawa wa Kibudha, watetezi wa haki za wanyonge. Kila Alhamisi saa nne asubuhi husoma kwa sauti majina ya watu wanaowindwa, wote wawaombee. Sheikh huwasoma watu wa padri, padri huwasoma wa sheikh. Karatasi ya buluu ni ya walio hai, nyeupe ya waliouawa. Na kila jina husomwa pamoja na mahali mtu alipo, eti dua isipotee njia.

Watu wema, jamani, lakini wema nao una upumbavu wake.

Leo yalikuwa majina saba. Mashahidi walioona walinzi wa kampuni ya kigeni wakiwamiminia wachimbaji risasi. Wauaji walikuwa mjini tayari, wakisubiri kuelekezwa tu.

La tatu lilikuwa la dada yake Kipanga, muuguzi wa zahanati. Alilipeleka yeye mwenyewe juzi, kabla hajajua kwamba ukumbini kuna kinasa sauti cha wauaji. Jasusi mzima! Hofu ya kufiwa ilimzidi akili.

Swichi kuu ilikuwa kwenye kona ya ngazi. Akaishusha.

Taa zikazima. Vipaza sauti vikanyamaza. Kipanga akashusha pumzi.

Sheikh akakohoa. "Umeme si hoja. Mungu si kiziwi."

Akaanza kusoma kwa koo lake. La kwanza. La pili.

Kipanga akaupiga mlango teke. "Nyamazeni!"

La tatu lilikuwa limeshatoka. Na zahanati yake.

Pembeni, fundi wa vipaza sauti akachomoa bastola. Kipanga akamvunja kifundo cha mkono kabla hajalenga. Chini ya meza ya mitambo, kidude chenye betri yake kilikuwa kikiwaka taa ya kijani. Akakisaga kwa kisigino.

"Umechelewa, kaka," fundi aliguna, akifungwa kwa waya zake mwenyewe. "Matatu yameshafika."

Redio ikakoroma. "Kipanga, taarifa."

"Wanne wamepona. Zahanati! Pelekeni watu zahanati!"

Redio ikakoroma tena.

"Wauaji walikuwa jirani. Pikipiki zao mbili zimeshaondoka pale. Pole, ndugu yangu. Kazi umeifanya."

Maji yakimwagika hayazoleki. Alipiga simu ya dada yake. Ikaita mpaka ikakata.

Sheikh alimsogelea, karatasi mbili mkononi. "Mwanangu, nisamehe. Alhamisi ijayo... tumsome kwenye ipi?"

Kipanga akapiga tena. Ikaita, ikaita.

Alifunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, uso mkavu.

"Ya buluu," alisema. "Msitaje mahali."

Akashuka ngazi. Safari hii, moja moja.