Ukurasa Ulioozesha Mahindi ya Kanze

Kanze wa Adu alifungua gunia la mahindi apate ya kusaga. Harufu ikampiga usoni. Mahindi yalikuwa yameota ukungu na kushikana kama mkate.

"Menza! Njoo uone!"

Mumewe akachungulia. "Si ulifuata lile daftari lenu la kikundi?"

"Neno kwa neno!"

Daftari hilo lilizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mwanamke wa kikundi aliyejua jambo aliliandika humo, kila mmoja kwa namna yake. Ukurasa wa fukusi, wadudu wanaotoboa mahindi, ulisema hivi tu: "Tia mwarobaini." Maneno mawili. Hata barua ya kuomba chumvi ni ndefu kuliko hiyo.

Kanze alijitwika ndoo ya mahindi yaliyooza, akachukua na daftari, akaenda moja kwa moja hadi darasa la watu wazima. Akayamwaga juu ya meza ya mwalimu, Bi Priscilla.

"Shikamoo, Mwalimu. Nani aliandika ukurasa huu?"

Kanze alikuwa na adabu hata akiwaka moto.

Wanawake wa kikundi, waliosoma humo, wakainamia daftari. Ukurasani hapakuwa na jina.

"Nimejifunza kusoma nina watoto wanne! Jambo la kwanza kulisoma mwenyewe limeniozeshea gunia zima. Yamebaki mawili, na fukusi wameshaingia. Mavuno ni Agosti. Wanangu wale daftari?"

"Majani uliyatia mabichi?" mmoja wao, Mapenzi, aliuliza polepole. "Mimi huyakausha kwanza."

"Kumbe ni wewe! Mbona hukuandika?"

"Nilidhani kila mtu anajua."

"Anayejua anasoma ya nini?"

Darasa likacheka. Kanze hakucheka.

"Hasira yake ni ya haki," alisema mwalimu. Akaandika ubaoni. "Kuanzia leo kila ukurasa ujibu maswali haya, kwa mpangilio huu huu. Shida ni ipi? Hutokea lini? Tufanye nini, hatua kwa hatua? Kwa nini? Nani amejaribu, na ikawaje? Chini acheni nafasi. Mwingine akijaribu, aongeze lake na jina lake."

Mapenzi akaandika upya: Anika mahindi juani hadi yakauke kabisa. Kausha majani kivulini, yaponde, ndipo uchanganye. Majani mabichi yana maji, na maji huleta ukungu.

"Sasa wewe, Kanze," alisema mwalimu. "Andika habari ya gunia lako."

"Niandike aibu yangu watu waisome?"

"Aibu ni ya ukurasa, mwanangu. Wewe unamwonya mwenzako."

Kanze akaandika kwa nguvu, karatasi karibu itoboke: "Mimi Kanze nilitia mabichi. Gunia likaoza. Hata kuku sikuwapa."

Akarudi nyumbani, akayapepeta mahindi yaliyobaki, akayaanika, akafuata hatua zote. Magunia yale mawili yalifika Agosti, na watoto wakala.

Daftari liliporudi kwake, chini ya maneno yake palikuwa na mwandiko mpya: "Mimi Kadii nilikuwa na mabichi mkononi. Nikasoma ya Kanze. Nikayaanika kivulini."

Kanze akasoma mara mbili, kisha akamwita Menza aje asomewe.