Ngoma Zote, Rudini

Kinanda hakina mapafu, kwa hivyo cha Kithaka kilipokohoa, mwenyewe alidhani ni spika.

Ilikuwa enzi za disketi, kabla simu za mkononi hazijamfikia mwananchi wa kawaida. Kithaka alirekodi kwaya katika chumba cha pembeni nyumbani kwake, juu kidogo ya Runyenjes, mibuni ikianzia dirishani. Mkewe alikuwa amefariki. Alibaki na binti yake Igoki, wa darasa la tatu, na mama yake Ciarunji, aliyepika katika jiko la ng'ambo ya ua. Igoki ndiye aliyekuwa roho yake, na hakumficha mtu jambo hilo. Waimbaji wazima na suti zao walingoja nje mpaka amalize kumsuka nywele.

Alasiri hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Betri ndogo ya ndani ya kinanda ilikuwa imekufa, na ilipokufa ikaondoka na sauti zote alizozitengeneza. Kithaka aliweka betri nyingine wala hakuhangaika, kwa sababu sauti zake alikuwa amezihifadhi kwenye disketi. Shida ilikuwa mdomo wa kuingizia disketi tu: ulikuwa umelegea, usipoushikilia kwa mikono miwili unagoma kusoma. Akamwita Igoki ambonyezee vitufe.

Mtoto akauliza zile sauti za kiwandani zilizomo sasa zitaenda wapi.

"Kinachorudi kinakaa mahali ya kile kiko," babake akamwambia. "Soma hapo, kisha ubonyeze."

Kwenye skrini palikuwa na jina ambalo Kithaka mwenyewe aliliandika siku alipohifadhi, na kando yake swali la mashine, kama zirudishwe. Igoki alipenda sana kuonyesha anavyojua kusoma.

"Ngoma zote," akasoma kwa sauti. Kisha akaongeza yake, kwa madaha. "Ngoma zote, rudini." Akabonyeza.

Kinanda kikakohoa, Kithaka akadhani ni spika; kikakohoa tena, na sasa haikuwa spika. Chumba kikanuka udongo uliofukuliwa. Kithaka alijaribu kibao kimoja cha kupigia akasikia ngoma, akajaribu kingine akasikia ngoma na nyuma yake mtu akikwaruza koo, na alipogeuka kumuuliza binti yake kama naye amesikia, Igoki alikuwa ameshatoka, anavuka ua kwenye mvua taratibu, mikono nyuma, bila kujali matope.

Kule jikoni Ciarunji alisikia akisalimiwa. Alisalimiwa kwa Kiembu cha zamani, vile baba anavyomsalimu binti yake aliyeolewa mbali, na sauti ilikuwa nzito, ya mwanamume mzee. Akainua macho kutoka kwenye sufuria. Mlangoni alisimama Igoki na sare yake ya shule.

Ciarunji aliogopa, lakini alimshika mtoto mkono, mkono baridi, akamvuta hadi kwa Kithaka na kumlaza kwenye kiti kirefu cha waimbaji. Akamuuliza mwanawe kwa kunong'ona wamefanya nini. Kithaka akaeleza yote, akamwonyesha ile skrini. Ciarunji alisomea ngumbaru, alisoma herufi moja moja, na alipomaliza alijiziba mdomo.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mimi, mama. Ni za kupiga tu. Ni Kiswahili."

"Kwa Kiswahili yenu ngoma inapigwa," Ciarunji akasema polepole. "Kwetu ngoma ni wale tumezika. Na mtoto amewaita wote, na jina lao."

Kithaka alikizungumza Kiembu tangu kuzaliwa na Kiswahili tangu shuleni, na hata siku moja maneno hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwake. Yalikutana sasa.

"Futa," mama yake akamwambia. "Umewaita hapo, watolee hapo hapo."

Hakuna aliyemlaumu baadaye, kwa maana mzazi gani angefanya vingine? Hakukumbuka kwaya wala kazi yake ya miaka, alimkumbuka Igoki tu, akatafuta mahali pa kufuta zote, na mashine ilipomuuliza kama ana hakika alibonyeza ndiyo huku akilitaja jina la Yesu, na zile sauti zikaanza kutoka moja baada ya nyingine, kila moja ikilia mara ya mwisho kabla ya kukatika, ngoma, kikohozi, ngoma, kikongwe akicheka, watu wengi wakitembea kwenye majani makavu, na Ciarunji akiomba kwa Kiembu na Kithaka akiomba kwa Kiswahili, hadi ikabaki sauti moja, ndogo, iliyo mbali kama mtu aliye ndani ya pipa, na hiyo haikuwa ya mzee yeyote.

"Baba, usifute. Niko huku. Wameniweka hu—"

Ikakatika. Skrini ikaandika kwamba kazi imekamilika, hakuna kitu kilichosalia.

Kithaka alibonyeza kila kibao, kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, akiita jina la binti yake. Kinanda kilikuwa kimya kabisa.

Nyuma yake Igoki aliinuka kwenye kiti, akajikuna shingo, akashusha pumzi kama mtu aliyepata nafuu.

"Heri umemnyamazisha," sauti nzito ikasema. "Alikuwa analia tangu tuingie."