Aliyeonja Kwanza

Rénovat, muuza vinywaji wa meli mpya, ndiye aliyegundua kwamba chupa za bia zilikuwa zimepungua. Hazikuwa zimefunguliwa. Vizibo vilikuwa vimebana vilevile na kreti zilikuwa zimepangwa kama zilivyoletwa, lakini kila chupa aliyoiinua kwenye mwanga ilikosa funda moja, lile funda ambalo mtu hunywa akitaka tu kujua ladha. Akanusa kreti ya chini. Ilinuka tope la ziwani na pombe ya ndizi iliyolala.

Alikwenda kumwambia bosi wake, Térence, ambaye alimfukuza kazi kabla ya chakula cha mchana. Hivyo ndivyo Térence alivyokuwa akitatua mambo. Jambo lolote asilolielewa alilihesabu kuwa wizi, na kwa kuwa aliyoyaelewa yalikuwa machache, wafanyakazi wake hawakudumu.

Inabidi kumweleza huyu Térence, ingawa kumweleza ni kumpa heshima asiyostahili. Baba yake, marehemu Aloys, alikuwa na meli moja ya matembezi pale Bujumbura, meli ndogo iliyoitwa Neema. Jumapili ilijaa watu wa ubatizo, maharusi, na familia kutoka Kanyosha zilizokuja na masufuria yao ya wali, wakaenda kuwatazama viboko na kurudi jua likizama upande wa Kongo. Mzee Aloys hakuondoka bandarini kamwe kabla hajafungua chupa mbele ya abiria, akanywa funda moja, kisha akasema, "Karibuni kwangu." Ndiyo desturi. Mwenyeji huonja kabla ya mgeni, watu waone kwamba hakuna sumu, na waone pia mwenye mahali ni nani. Mtoto wa chekechea analijua hilo.

Mzee alipofariki, binti yake Annick alishika Neema na akashika pia ile chupa. Térence yeye alishika cheo. Alijiita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, mkurugenzi mkuu wa meli moja, akavaa koti la suti katika joto lile la ziwani ambalo hata mbuzi hulikimbia kivulini. Kisha akaita kikao cha familia kwenye jumba lao la Kinindo.

"Meli moja ni ya wavuvi," alisema. "Mi nataka flotte. Meli mbili, kisha ine, kisha kumi. Kutoka apa mpaka Kalemie watu waone jina yetu."

"Neema inatutosha, kaka," Annick alisema. "Tuitengeneze vizuri. Hii moja tu inatushinda, ndiyo tutafute ingine?"

"Annick, we uko na akili ya kuuza samaki ndagala."

Ndugu wakapiga makofi. Walikuwa wamekula mishikaki yake, wangefanya nini? Mama yao, Consolée, mwanamke mpole aliyewapenda watoto wake hata pale walipokuwa hawapendeki, alikaa akikunja na kukunjua kitambaa chake. Aliogopa kwamba meli zingegawanya watoto wake. Mkia wa mbwa haunyooki, na Térence akaagiza meli.

Ilikuja vipande vipande, ikaungwa bandarini, ikapakwa rangi nyeupe, ghorofa mbili. Aliiita Reine Consolée, yaani Malkia Consolée, kwa heshima ya mama, na kwa kuwa jina la mama lingemfanya mama asimpinge tena. Siku ya kuizindua aliwaalika wakubwa, akasimama mbele yao na chupa ya shampeni. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi Wazungu wanavyozindua meli zao.

Mama alimvuta mkono. "Térence, onja kwanza, mwanangu. Watu wanaangalia."

"Maman, ile ni mambo ya ku colline, ya watu wa milima. Apa tuko mu ma affaires, mu biashara."

Akaipiga chupa kwenye ubavu wa meli. Ikapasuka. Shampeni yote ikatiririka ziwani kabla ya midomo ya mtu yeyote kuigusa, wageni wakashangilia, na wale waliokuwa karibu na ukingo wakasikia maji ya chini ya meli yakifanya sauti ya koo linalomeza. Térence hakusikia. Alikuwa akipigwa picha.

Basi baada ya zile chupa za Rénovat ikaja sauti. Abiria walipokuwa wakivuka ubao wa kupandia, mtu asiyeonekana aliwaambia, "Karibuni," kwa sauti ya chini yenye adabu, nyuma kidogo ya sikio. Walipofika juu walikuta viti vimekwisha kuvutwa vikiwasubiri. Térence aliposifiwa kwa mapokezi hayo mazuri, alishukuru. Angeshukuru hata kama angesifiwa kwa mvua.

Tatizo lilikuwa kuwashusha. Meli ilirudi, kamba zikafungwa, injini ikazimwa, na abiria wakabaki wamekaa wakiyatazama maji, mikono magotini, kama watu walio ukumbini ambao hawajaruhusiwa kuondoka. Mabaharia walilazimika kuwainua mmoja mmoja. Wakifika nchi kavu walitapika maji yenye mchanga, wakaenda zao bila kukumbuka kitu. Padri alikuja, akanyunyiza maji ya baraka kwenye sitaha ya chini, akaalikwa kupanda ya juu, akakumbuka kwamba ana mazishi mahali.

Kisha Consolée akapanda kuiona meli yenye jina lake, na hakushuka.

Mabaharia walipojaribu kumwinua, kiti kilinyanyuka pamoja naye. Térence alimletea mablanketi. Na mtu aamini au asiamini, alimpiga picha mama yake kwenye kiti kile, akaitangaza: njooni msafiri na Reine Consolée mwenyewe. Meli ikajaa zaidi. Siku hiyohiyo akawaandikia wauzaji kwamba anataka nyingine tatu.

Annick alipanda kumwona jioni, waadhini wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu, wakiwa wanajibizana kwa mbali. Mama alikuwa amevua viatu. Upindo wa kitenge chake ulikuwa umelowa mpaka magotini, na sitaha ilikuwa kavu kabisa.

"Maman," Annick alinong'ona, "turudi ku nyumba."

"Nitaendaje? Mwenyeji hajaniaga."

"Mwenyeji nani? Meli ni ya Térence."

Mama aliweka kidole mdomoni. "Sema polepole, anasikia. Térence iko mugeni apa kama mi. Tena mugeni asiye na adabu. Yule alionja, Térence akuonja. Unajua desturi." Machozi yakamtoka, lakini uso wake haukulia. "Mwanangu, usiniache apa siku mingi. Ananipa maji tu ya kunywa, na kila siku nasahau kitu. Leo nimesahau jina ya baba yenu."

Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea, kikapumua, kikabonyea tena. Annick aliteremka ngazi mbio, akaenda moja kwa moja Buyenzi, yeye Mkatoliki wa misa ya alfajiri, akaulizia nyumba ya Mwalimu Ramazani, mtoa majini.

Mwalimu alikaa nyuma ya gereji, na nyumba yake ilinuka ubani na oili chafu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, nani alionja. Alipojibiwa, alicheka kicheko kibaya.

"Binti yangu, jini akiingia mu nyumba ya watu, mi namutoa. Iyo ni kazi yangu. Lakini uyu akuingia kwenu. Nyinyi muliingia kwake, tena mukamupa kinywaji cha mwenye nyumba mbele ya watu. Mi sifukuzi mutu kwake."

"Na maman?"

"Mugeni anaondoka kwa kuaga. Kaka yako aende kule, aseme mbele yake: ile meli ni yako, asante kwa kutupokea, tunaenda. Aiache iende ku maji na asilete ingine. Atamuachilia." Akainua kidole. "Asiombe kitu. Asiahidi kitu. Akiahidi, yule atakuja kuchukua. Na maman akitoka kule, asionje kwanza mu nyumba yenu. Hata mara moja. Utaonja we, hata wakikutukana."

Annick alimwangukia kaka yake miguuni. Térence alikubali, kwa namna yake, kama anayemfanyia mtu fadhila, na siku iliyofuata, jua likielekea kuzama, wakapanda watatu, yeye na dada yake na Mwalimu.

Meli ilikuwa imefungwa kwa kamba nne na upepo haukuwepo. Walipokanyaga ubao, sauti ikasema, "Karibuni," na Térence, ambaye miezi yote hii alikuwa akisema ni mchezo wa mabaharia, akashika mkono wa dada yake. Walipanda ngazi wakipokewa na harufu ya tope na pombe ya ndizi, nzito kiasi cha kuhisiwa kwenye ulimi, na kadiri walivyopanda ndivyo sauti za mjini zilivyozimika, kwanza malori, kisha watoto waliokuwa wakiogelea, kisha hata maji yenyewe, mpaka Annick akawa hasikii ila pumzi zao na ile pumzi ya nne, ya polepole, inayotoka kwenye kiti kitupu kando ya mama yao, ambaye sasa alikuwa amelowa mpaka kifuani na anawatazama kwa tabasamu la mtu anayejaribu kukumbuka aliwaona wapi. Viti vitatu vikajivuta vyenyewe kuwakaribisha, polepole, miguu yake ikikwaruza mbao, na juu ya meza palikuwa na glasi moja yenye maji meusi ambayo hayakutulia.

"Sema," Mwalimu alinong'ona. "Maneno yale tu."

Térence alifungua mdomo. Alitazama sitaha yake, taa zake, rangi yake nyeupe. Annick aliona macho yake yakipiga hesabu, akajua kabla hajasikia.

"Monsieur," Térence alisema, "mi ni mufanyabiashara. Tusikosane. Kuna zingine tatu zinakuja. Kila moja, chupa ya kwanza ni yako. Popote jina yetu itafika, na we utafika. Flotte nzima. Niachie tu maman."

"Mjinga!" Mwalimu alisema, kwa sauti kubwa sasa, kwa kuwa hapakuwa na sababu tena ya kunong'ona.

Kisha kile kiti kitupu kikacheka. Kilikuwa kicheko cha chini, cha mtu mzima aliyeletewa zawadi na mtoto, akaona kwamba zawadi yenyewe ni kikombe chake mwenyewe kutoka kabatini. Kitambaa kikapanda, kikajaa hewa, kama mtu aliyekikalia ameinuka. Na glasi ikasogea juu ya meza mpaka mkononi mwa mama, naye akainywa yote, akasimama, akavaa viatu.

"Twende ku nyumba," alisema. "Nimeagwa."

Térence alilia kwa furaha. Alimkumbatia mama yake, akamwambia Mwalimu kwamba ndivyo dunia ya leo inavyokwenda, watu huzungumza. Mwalimu Ramazani alifunga mkoba wake, akatema mate ziwani. Akamwambia Annick maneno mawili tu, "Onja we," akaenda zake Buyenzi kwa miguu.

Jumapili palikuwa na sherehe Kinindo, ya mama kurudi na ya kukubaliwa kwa flotte. Ndugu walewale walikuja kwa mishikaki ileile. Mama alikaa mwisho wa meza, mkimya, nywele zake zimelowa ingawa alikuwa amezikausha, na watoto wa jirani waliotumwa kumsalimia walirudi mlangoni wakikataa kusema kwa nini. Annick hakuondoa macho kwenye chupa ya kwanza. Ilipofunguliwa tu, akanyoosha mkono, akaishika.

Térence naye akaishika.

"Annick, acha aibu. Apa mwenye nyumba ni mi. Nitaonja mi."

"Kaka, onja basi, lakini sasa ivi. Kunywa!"

"Usinipe amri mbele ya watu. Omba kwanza musamaha."

"Nisamehe, kaka. Kunywa, nakuomba."

"Sema kwa sauti, wote wasikie."

Wakavutana, kaka anapenda cheo, dada anampenda mama, na chupa ikayumba kati yao. Mkono uliolowa ukaja katikati, ukaitwaa kwa upole. Mama akaiinua mdomoni. Meza nzima ikasikia lile funda likishuka, na Annick akaitambua sauti ile, ya maji ya chini ya meli siku ya uzinduzi.

"Karibuni kwangu," mama alisema, kwa sauti ya chini yenye adabu.

Ndugu wakapiga makofi. Térence alicheka pia, kisha akaacha, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimejisogeza mbele na kumbana kwenye meza. Harufu ya tope ikapanda kutoka chini ya vigae. Annick ndiye pekee aliyekuwa amesimama, mkoba begani, hatua chache kutoka mlangoni, na nje aliisikia pikipiki ikipita barabarani, kitu cha kawaida, karibu sana.

"Maman," alisema, "mi naenda. Naomba ruhusa."

Yule aliyekuwa mwisho wa meza alimtazama kwa upendo kabisa, akimimina glasi.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Wageni hawajafika wote. Bado meli tatu."