Mjapani wa Lola Sepa

Pale mtaani Quiapo, kando ya kanisa, kibanda cha filamu za zamani kilikuwa kimefurika watu na moshi wa mishikaki. Minda, gauni la njano na viatu vya kazini vinavyombana, alinyoosha mkono kuchukua sidii ya filamu ya vita. Mkono mwingine ukaishika upande wa pili.

"Dada, hiyo nimeiona mimi kwanza."

"Umeiona. Mimi nimeishika."

Kijana akacheka. "Nionee huruma, ni ya bibi yangu, Lola Sepa. Anamchukia yule ofisa Mjapani mwenye sharubu, humrushia kandambili kwenye kioo. Akishauawa tu, bibi hupiga makofi na kuomba chai."

Minda akaiachia sidii. Yule ofisa Mjapani alikuwa baba yake mzazi.

Angesema palepale, wangecheka yakaisha. Lakini kijana huyo, Arnel, alikuwa na macho ya kumsahaulisha mtu alichotumwa, na Minda akanyamaza. Tangu utotoni alizipenda filamu zile kuliko peremende. Baba yake, Mzee Gorio, Mfilipino wa Tondo aliyepewa kazi ya kuigiza Wajapani kwa sababu ya macho yake membamba, alimpakata gizani sinemani na kumnong'oneza, "Tazama sasa, nakufa." Alikufa mtoni, alikufa darajani, na Minda alicheka hadi watu wakamnyamazisha.

Mapenzi yakakolea. Siku moja Arnel akamsimulia habari za babu yake: askari wa Kijapani walimtoa shambani wakati wa mavuno, hakurudi, hata kaburi hana. Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa Minda. Arnel alipotaka kuwaleta wazee wake kuposa, kama ilivyo desturi, Minda aliahirisha. Mara baba anaumwa, mara nyumba inapakwa rangi. Kisha jioni moja Arnel akampigia simu.

"Mpenzi, nyumba yenu inapakwa rangi tena?"

"Ukuta una unyevu."

"Ukuta gani huo, wa ziwani? Minda, usinizungushe. Kuna mwanamume mwingine?"

"Yupo."

"Nani?"

"Baba," Minda akasema, na machozi yakamtoka. "Ndiye Mjapani wa bibi yako. Akimwona tu, mimi na wewe basi."

Alisikia Arnel akivuta pumzi ndefu. "Tunakuja Jumapili."

"Utamwambia bibi?"

"Nitaanzia wapi? Omba Mungu macho yake yawe yamechoka."

Jumapili Arnel na wazee wake wakaja na sufuria la tambi na vitumbua vya mchele vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba. Lola Sepa alivaa gauni la mikono mipana iliyosimama, limepigwa pasi barabara. Mzee Gorio alikuwa amezinyoa sharubu alizozitunza maisha yake yote, kwa kuwa bintiye alimlilia. Alimwinamia mgeni ili auchukue mkono wake na kuugusisha kwenye paji lake la uso, heshima ya mdogo kwa mkubwa.

Bibi akauvuta mkono wake nyuma.

"Wewe! Umenyoa, lakini macho ni yaleyale."

Arnel akafumba macho. Minda akaliweka chini sinia la glasi.

"Ndiyo, Lola. Ni mimi."

"Mfilipino mzima! Ulikubalije kuvaa nguo za wale?"

"Walitaka mtu wa kufa, na hakuna mwingine aliyetaka." Mzee Gorio alikuwa bado ameinama, magoti yakimuuma. "Wale walimchukua baba yangu, Lola. Kila waigizaji wenzangu walipoambiwa wanipige risasi, nilihakikisha Mjapani yule anaanguka vibaya."

Lola Sepa akasogea karibu naye.

"Mume wangu sikumzika," akasema. "Waliomuua sikuwaona wakilipa. Nilikuwa nakuona wewe tu."

Kisha akaunyoosha mkono mwenyewe, akaugusisha kwenye paji la uso la Mzee Gorio, na hakuuondoa upesi.

"Umekufa vya kutosha, mwanangu. Sasa inuka, tuzungumze habari za harusi."