Wimbo Wenye Mapengo

Mwaka ule wa hamsini na sita, Wazungu walipokuwa wakiuita mji Stanleyville na wenyewe tukiuita Kisangani, serikali ilitundika kipaza sauti kwenye mlingoti katikati ya soko letu, ili tugawiwe ustaarabu kila jioni bila malipo. Ustaarabu wenyewe ulikuwa unakwaruza. Jioni moja ulitoka kwa sauti ya mwanamke wa Ulaya aliyepanda juu, akapanda tena, akabaki huko huko juu kama mtu aliyesahau njia ya kushukia. Chini yake walijazana wauza samaki wa chumvi, wapagazi wa bandarini, na makarani wenye kalamu mfukoni waliofumba macho wakijifanya wameelewa.

Nyota, binti ya mzee Lukumani mfanyabiashara, alikuwa akipita na furushi la vitambaa kichwani. Alikuwa fundi cherehani, mweusi wa kung'aa, liputa yake ya rangi ya machungwa imefungwa barabara kiunoni, na alikuwa na ulimi ambao mama yake alisema utamzeesha nyumbani kwao.

"Huyu mama, nani amemukanyaga?" aliuliza, bila kumuuliza mtu.

"Bwana yake," sauti ilijibu nyuma. "Ndio maana iko na mwimbia."

Nyota aligeuka. Alimwona kijana mrefu, suruali nyeupe imepigwa pasi hadi ina makali, tai ya kipepeo, viatu vya rangi mbili. Aliitwa Hubert, karani wa bandari ya stima, mtoto wa Walokele wa mtoni. Hakucheka. Alikuwa akimtazama karani mmoja aliyefumba macho, kwa dharau safi isiyo na haraka. Nyota akajua papo hapo kwamba amempata mtu wake.

Mapenzi ya watu wengine hulishwa kwa sifa. Ya hawa wawili yalilishwa kwa dharau, nayo yakanenepa. Kila Jumapili walivaa vizuri wakatoka kutafuta muziki wa kuudharau. Walikwenda kusikiliza kwaya ya misheni, iliyoimba Kilatini kwa pua. Walisimama kando ya njia tarumbeta za askari zilipopita, Hubert akasema wale hawapigani na adui, wanamfukuza kwa kelele. Walichungulia harusi ya Wagiriki, fidla ikilia na wanaume wazima wameshikana mabega.

"Nani amekufa?" Nyota aliuliza.

"Bado," alisema Hubert. "Wako na mungojea."

Mangobo, mtaa mpya, kulikuwa na baa yenye wapiga gitaa. Waliketi pale kwa chupa moja ya limonadi wakamsema mpiga gitaa tangu kofia hadi kidole. Ila mguu wa Nyota ulikuwa ukipigapiga chini ya meza. Hubert aliuona akanyamaza, kwa sababu na wake ulikuwa ukifanya hivyo hivyo.

Nyota alishona katika duka la mfanyabiashara mmoja mjini. Mchana mabwana wote wa mji walipolala, simu ya duka ililia, Hubert akipiga kutoka ofisi ya bandari.

"Allô? Madame fundi? Minataka suti ya kwenda kuzika rumba."

"Rumba imekufa lini?"

"Jana, Mangobo. Yule wa gitaa ameiua."

"Masikini. Kifua yako ni kipimo gani?"

"Kikubwa. Iko na mutu ndani."

"Weye hauna kifua, cheri. Uko na tai tu."

"Nyota, masikio yako iko na sumu."

"Na yako?"

"Yangu iko na weye. Alhamisi nikuye kwenu?"

"Apana. Alhamisi tuko na wageni."

Kila Alhamisi walikuwa na wageni, naye Hubert hakuuliza ni wageni gani hao wasioisha. Ukweli ni kwamba Alhamisi alasiri mama yake Nyota na shangazi zake walikaa uani na matwari yao, zile ngoma ndogo za kiunzi, wakaimba kaswida kama bibi zao walivyoimba. Aliyetangulia kwa sauti, wengine wakimwitikia, alikuwa Nyota mwenyewe. Aliupenda uimbaji ule kuliko chakula. Na kwa kuwa aliujua ulimi wa mchumba wake, aliuficha.

Basi Jumapili moja Hubert alimpitisha njia ya mtoni, penye mitumbwi ya Walokele. Alikuwa kimya, tena amevaa tai mpya. Nje ya nyumba ya udongo mzee mmoja aliketi na likembe mapajani, kale kasanduku kenye vijiti vya chuma, akivigusa kwa vidole gumba. Wimbo ulikwenda vizuri, ukakatika. Kimya. Ukaendelea, ukakatika tena.

"Sikia huyu," alisema Nyota, na hakupunguza sauti. "Ata wimbo yake iko na mapengo, sawa kinywa yake."

Akacheka, akangoja Hubert acheke. Hubert hakucheka.

"Ile ni papa yangu," alisema.

Nyota alimgeukia.

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nakuleta kwake leo. Kusema mambo ya ndoa. Niliwaza weye utasikia tu."

Hapo palikuwa mahali pa kuomba radhi. Lakini Nyota hakuwa na mazoezi ya kuomba radhi, na ulimi ukatangulia.

"Tunacheka watu kila Jumapili. Hao wengine hawana watoto?"

Hubert alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama makarani pale sokoni.

"Bon," alisema. "Rudi kwenu."

Simu ya duka ikanyamaza. Nyota alishona, akafumua, akashona tena, na kila mchana alimtukana Hubert kimoyomoyo: karani, tai ya kipepeo, mwenye kumhurumia baba yake peke yake. Alikuwa na haki, na haki hiyo haikumsaidia kitu. Alikuwa anampenda, na alikuwa anampoteza kwa sababu ya sentensi moja.

Ilipofika Alhamisi, matwari yakaanza uani, naye akafungua kinywa kutangulia. Pale pale akamwona Hubert kwa mawazo, amesimama ukingoni mwa ua na kidevu juu, akisema: nani amewakanyaga hawa? Wanawake wakaitikia sauti ambayo haikutoka.

"Unaumwa?" mama aliuliza.

"Apana, mama. Niko mubaya tu."

Akaelewa. Yeye alikuwa ameficha kile anachokipenda. Hubert alikuwa amemkabidhi chake mkononi, naye akakitupa matopeni.

Jumapili alivaa liputa ile ile ya machungwa akaenda mtoni peke yake. Mzee Lofemba, ndilo jina lake, alikuwa pale pale na likembe yake. Alimtazama Nyota kuanzia viatu, akafika usoni, na hakuona cha kumfurahisha. Nyota akaona Hubert alikoitoa dharau yake.

"Papa, mbote," alimwamkia. "Ni miye nilicheka wimbo yako. Nimekuya kuomba musamaha."

"Nilikusikia. Meno ndio yameisha. Masikio iko."

"Papa, mapengo ile ni ya nini?"

Mzee alivuta pumzi kama mtu anayeulizwa swali la kipumbavu kwa mara ya mia.

"Ile ni fasi ya mama ya Hubert. Miye napiga, yeye anaimba. Napiga, anaimba. Sasa amekufa. Weye unataka nijaze fasi ya mutu na kidole?"

Nyota aliketi chini kwenye mkeka, na liputa yake safi, akamwomba apige. Mzee akapiga, maana wazee wa namna ile hupiga hata mbele ya mbuzi. Wimbo ukaenda, ukafika penye pengo, ukanyamaza. Nyota akaingia. Hakuwa na maneno ya Kilokele. Aliingia na alichokuwa nacho, sauti ndefu ya uani kwao inayotetemeka mwishoni, sauti ya kaswida. Haikufanana hata kidogo na likembe. Mzee alikunja uso, lakini vidole vilimngoja amalize, kisha vikaendelea. Pengo la pili aliingia tena. La tatu aliingia huku machozi yakimtoka, na hakuyafuta.

Alipoinua macho Hubert alikuwa mlangoni, bila tai.

"Iko na imba sawa mbuzi ya kule Bengamisa," mzee alimwambia mwanawe.

Hubert alikuja hadi kwenye mkeka.

"Papa, usitukane mbuzi," alisema. "Mbuzi ya Bengamisa inamupita kuimba."

Nyota alicheka huku akilia. Hakuwahi kusikia msamaha mzuri kama ule.

"Umetoa wapi sauti ile?" Hubert aliuliza, ameketi karibu naye sasa.

"Kwetu. Ndio wageni ya Alhamisi. Niliogopa utacheka."

"Nitacheka."

"Najua."

"Alors, Alhamisi nitakuya. Nitacheka, halafu nitasema na papa yako. Weye utakubali kuolewa na mutu sawa miye?"

"Miye nitakubali. Papa yangu ndio matata. Atataka uingie dini yetu, tena ugeuze jina."

"Jina?" mzee Lofemba alidakia, akatema mate kando. "Hubert. Kwani ile ilikuwa jina?"

Hakungoja jibu la mtu. Aliirudisha likembe mapajani akauanza wimbo upya. Alipofika penye pengo alinyamaza, akamtazama Nyota kwa jicho la dharau, akangoja.